Venansia Nyanzira wa Mashimo ya Mihogo

Alizaliwa njiani, mwezi wa Agosti mwaka 1948, kati ya mto Nyamivumba na kijiji cha Kigaraga katika nchi ya Buha, mama yake akiwa anapanda kilima na kikapu cha mihogo iliyolowekwa kichwani. Uchungu ulimkuta katikati ya mlima. Alitua kikapu, akajifungua pembeni mwa njia, na aliyemkatia mtoto kitovu alikuwa mwanamke asiyemfahamu, mpita njia aliyetoka ng'ambo ya mpaka kutafuta chumvi ya Uvinza. Mwanamke yule alimfunga mtoto kwenye kanga yake mwenyewe, akamsaidia mzazi kujitwika tena kikapu, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza jina. Mtoto akaitwa Nyanzira, kama wanavyoitwa kwetu wasichana wote waliozaliwa njiani, na Pasaka iliyofuata akabatizwa Venansia.

Alisoma madarasa matatu. Mwaka 1966 aliolewa na Filbati Kagoli wa kijiji hicho hicho, akazaa watoto watano, wa kwanza Evodi, na kuzika wawili, na mwaka 1987 akamzika na Filbati. Wanaodhani watakatifu wote ni wapole wajue kwamba huyu hakuwa mpole. Alinusa tumbaku, alijibu watu papo kwa papo, na alikuwa na tabia ya kusali rozari huku akimenya mihogo, kwa hiyo sala zake zilikuwa na kisu ndani. Jumuiya yake ilimwomba mara mbili awe mwenyekiti na mara mbili alikataa, akisema hawezi kuongoza watu wanaochelewa.

Aliporithi nyumba ya Filbati alirithi na shimo la mama mkwe wake. Muhogo wetu ni mchungu, na mtu akiula bila kuuloweka unamuua. Basi kila nyumba ina shimo lake kandokando ya Nyamivumba, limejengewa kwa mawe, maji yanaingia taratibu upande mmoja na kutoka upande mwingine. Muhogo ukishamenywa unalazwa humo siku tatu mpaka ulainike, ndipo unatolewa, unaanikwa, unatwangwa. Mtu anaweza kukuazima jembe, akakuazima kinu, hata mtoto wa kumtuma. Shimo haliazimwi. Mama mkwe humwachia mkaza mwanawe, na mwanamume hatii mkono wake humo maisha yake yote, hata likiwa limezibwa na majani.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1993 watu walianza kuvuka mpaka wakitokea Burundi. Siku za kwanza Kigaraga iliwapokea vizuri, na hilo liandikwe. Kanisa lilijaa wakalala hadi sakristia, watu wakatoa ndizi, wakatoa maharage ya mbegu. Lugha yao na yetu zinasikilizana, nyimbo za ibada walizijua. Lakini kijiji kilikuwa na watu elfu nne, na kufikia Krismasi kambi iliyojengwa Rusenga, nusu saa kwa miguu, ilikuwa na watu elfu sitini. Msitu wa Rusenga uliisha kwa miezi mitano. Mwanamke aliyezoea kuokota kuni nyuma ya nyumba akawa anatoka alfajiri na kurudi saa nane. Unga wa njano wa mgao ulimwagika sokoni mpaka aliyelima mahindi hakupata wa kumuuzia. Vijana wetu waliozoea vibarua wakakuta mtu wa kambini anafanya kazi ile ile kwa sahani ya chakula. Mwalimu mmoja na muuguzi pekee wa zahanati waliacha kazi kijijini wakaajiriwa kambini, ambako mshahara ulikuwa mara tatu. Wengine walinufaika, maana barabara ililimwa na wenye maduka walijenga nyumba za bati. Ila zahanati ya Kigaraga ilifungwa kwa kufuli, na kufuli lile lilikaa mpaka likapata kutu.

Katika hali hiyo Mungu alimwita Venansia, na hakumwita kwa sauti tamu. Februari mwaka 1994 mtu mmoja wa kambini, Ndabaneze, aliyetoka kwenye vilima vya juu wanakolima viazi na njegere, alimpalilia shamba siku tatu. Venansia alimlipa kikapu cha mihogo, kikubwa kuliko walivyopatana, kwa kuwa mtu huyo alipalilia vizuri. Hakumwambia kwamba ulowekwe. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kumwambia mtu mzima jambo hilo. Tunalijua toka mgongoni kwa mama, na haikumjia akilini kwamba yuko mtu duniani mwenye mke na watoto asiyelijua. Muhogo uliokuwa ukiota kwa kina Ndabaneze ulikuwa mtamu, wa kuchemsha na kula siku hiyo hiyo. Mkewe Generoza aliuchemsha huu wa Venansia vivyo hivyo. Yeye na mumewe walitapika wakapona. Binti yao Odeta, wa miaka sita, hakufika mlangoni kwa daktari.

Kesho yake Ndabaneze alikirudisha kikapu pamoja na mihogo iliyobaki, akakiweka mlangoni kwa Venansia. Alisema maneno machache tu. "Mama, kama hukutaka kunilipa ungesema. Kwa nini umetulisha sumu?"

Majirani walimfariji Venansia kwamba hakukusudia, na wapo waliocheka pembeni, wakasema watu gani hawa wasiojua hata muhogo. Aliwafukuza wote, wafariji na wachekaji. Alikwenda kwa paroko, Padre Yordani Kabona, akaungama. Padre akamweleza kwa upole kwamba pasipo nia hapana dhambi.

"Basi Padre," alisema, "nipe malipizi ya mtu asiye na dhambi, nami nitayafanya."

Padre alimpa makumi mawili ya rozari. Mengine alijipa mwenyewe.

Alikwenda kambini kumwona Generoza. Mara ya kwanza Generoza alimmwagia maji ya vyombo. Mara ya pili alimfungia mlango wa turubai, kama turubai linaweza kufungwa, na Venansia akakaa nje juani mpaka jioni akasali na kuondoka. Mara ya tatu Generoza alitoka, akasimama mbele yake, akamwambia, "Nionyeshe." Hakumsamehe siku ile, alitaka kujua tu. Venansia alimshika mkono, wakashuka mpaka Nyamivumba, na mbele ya wanawake wa Kigaraga waliokuwa wakitoa mihogo yao aliutia mkono wa mgeni kwenye shimo la mama mkwe wake. Wanawake wale walisimama wima. Mmoja wao alimuuliza kama amelewa. Venansia akaendelea kumwonyesha Generoza jinsi muhogo unavyojulikana kuwa umekubali, unavyoachia uzi wa katikati bila kuvutwa, na jinsi harufu inavyogeuka siku ya tatu.

Baada ya Generoza walikuja wengine. Kufikia Pasaka walikuwa arobaini, na shimo moja halikutosha. Venansia alichimba mengine matatu kwenye kipande cha ardhi ya marehemu mumewe kilichogusa mto, akayajengea mawe kwa mikono yake. Alikuwa na sheria mbili. Asiyemenya vizuri anarudishwa, na anayeiba muhogo shambani kwa mtu hatakanyaga hapo tena. Sheria ya pili aliitekeleza vikali. Alimfukuza mwanamke mmoja wa kambini mbele ya wenzake na hakumrudisha ng'o, ijapokuwa Generoza mwenyewe alimwombea.

Mwenyekiti wa kijiji wakati huo alikuwa Mzee Bitulo, mdogo wake Filbati, kwa hiyo shemeji yake Venansia. Tusimfanye mtu mbaya. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamechinjwa malishoni, shamba lake la mihogo liling'olewa kitalu kizima, na kila siku watu walimjia wakilia. Julai mwaka 1995 aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Alisema kuni zimekwisha, maji yananuka, wanakijiji walio chini ya mto wanakunywa uchafu wa mashimo ya watu wa kambini, na hao wakishafundishwa kula muhogo mchungu hakuna shamba litakalosalia, kwa sababu uchungu ulikuwa ndio mlinzi pekee tuliyebakiwa naye. Watu walipiga makofi. Ilikuwa kweli, na Venansia hakuikanusha. Mkutano ukaamua kwamba siku ya Alhamisi mashimo yote manne yajazwe mawe, na yeye asipotii atengwe. Asialikwe msibani wala harusini.

Aliomba kusema, akapewa nafasi kwa shida.

"Kuni mnazozililia nazililia na mimi," alisema. "Kiuno changu mnakiona. Lakini mtoto hakufa kwa kukosa kuni. Alikufa kwa sababu nilifunga mdomo, na sasa mnaniambia nifunge tena. Kitovu changu kilikatwa na mtu wa ng'ambo. Sifungi."

"Mama Evodi, umekuwa mkimbizi siku hizi," mtu mmoja alimtania kutoka nyuma, na uwanja mzima ukacheka. Yeye alitoa kopo lake la tumbaku, akanusa, akaketi.

Alhamisi asubuhi, mgambo walipofika mtoni na mikokoteni ya mawe, walimkuta yumo ndani ya shimo la mama mkwe wake, maji yakimfika kifuani, rozari shingoni, na mihogo ya wanawake wa kambini imemzunguka pande zote. Alikuwa ameingia na nguo zake za Jumapili. Wale vijana waliduwaa. Hawakuthubutu kumrushia mwanamke mawe, na kumtoa kulimaanisha kutia mikono shimoni. Wakamtumia mwenyekiti ujumbe. Mzee Bitulo alifika akihema, nyuma yake nusu ya kijiji.

"Shemeji, toka humo. Unatuaibisha."

"Nimeingia leo. Muhogo hautoki kabla ya siku tatu."

"Wewe si muhogo."

"Tutaona Jumamosi kama nimelainika."

Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Bitulo akaamuru wanawake waje wajaze mawe, kwa kuwa wao hawakatazwi kugusa. Hakusogea hata mmoja. Si kwamba wote waliwapenda wageni. Wengi wao walikuwa wamepiga makofi siku ya mkutano. Ila mawe yakishaingia shimo moja, ni nani angejua la nani litafuata? Mwenyekiti alimgeukia mkewe, Mama Restuta, akamwamuru kwa jina. Mama Restuta alijitanda kanga yake vizuri, akamjibu mbele ya wote kwamba lile ni shimo la mama yake Bitulo, na muhogo uliomlea ulitoka humo. Kama anataka lifukiwe, aanze yeye.

Mzee Bitulo alisema mawe yabaki ukingoni, akaondoka.

Venansia hakutoka. Watoto wake walimsihi, wakamwambia ameshinda, lakini alisema siku tatu ni siku tatu. Alikuwa akipanda ukingoni kwa haja na kwa usingizi kidogo, kisha anarudi. Julai ni mwezi wa baridi kwetu. Ijumaa midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Padre Yordani alikuja kumkataza kwa utii, na aliyesikia anasema alimwitikia, "Malipizi haya sikupewa na wewe, Padre, kwa hiyo huwezi kuyapunguza." Jumamosi mchana Generoza alishuka kutoka kambini. Hakusalimia mtu. Alivua kandambili zake, akaingia shimoni, akaketi pembeni ya Venansia, maji yakawafika wote wawili. Walikaa hivyo mpaka muhogo ukakubali. Ndipo Generoza alimshika kwapani akamtoa, akamkausha kwa kanga yake mwenyewe, na akasema neno ambalo Venansia alilingojea mwaka mmoja na nusu. "Twende nyumbani, dada."

Mawe yaliyoachwa ukingoni wanawake walijengea mashimo mapya sita, wa kijiji na wa kambi pamoja, na waliyapeleka chini kabisa ya mahali pa kuchotea maji ya kunywa, maana mwenyekiti katika hilo alikuwa na haki. Miguu ya Venansia haikupona tena. Tangu hapo alitembelea fimbo.

Alitembea nayo Machi mwaka 1996, siku mkaza mwana wa Bitulo aliposhikwa na uchungu siku mbili bila mtoto kutoka. Zahanati yetu ilikuwa na kufuli. Jamaa zake wangempeleka wapi, ila Rusenga, kwenye hospitali ya kambi, kwa muuguzi yule yule aliyekuwa wetu? Walimbeba kwa machela. Langoni mlinzi aliuliza kadi ya mgao, akasema bila kadi hapiti mtu, amri si yake. Bitulo alimsihi, akavua kofia. Nyuma yao malori ya unga yalikuwa yakingoja kuingia, yanapiga honi. Venansia aliwaambia wabebaji waiweke machela katikati ya njia, mbele ya lori la kwanza, na yeye akajilaza kando yake, fimbo kifuani.

Ofisa wa kambi alikuja mbio. Alimuuliza kama anataka kufa.

"Kuni zetu mmechukua, muuguzi wetu mmechukua," alisema akiwa chini vile vile. "Chukueni na mgonjwa wetu. Malori yenu yamepita kwetu. Sisi tupite kwenu."

Nyuma ya ofisa, ndani ya kambi, wanawake wa mashimo walikuwa wamekusanyika, Generoza mbele, kila mmoja ameinua kadi yake juu. Walikuwa wakisema kwamba mgonjwa aingie kwa kadi yao, na asipoingia leo hapokei mtu unga. Lango lilifunguliwa. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, na mama yake yu hai hadi leo. Toka wiki hiyo, Jumanne na Ijumaa zikawa siku za wanakijiji kutibiwa Rusenga, na hakuna aliyeandika barua ya kuliruhusu jambo hilo, wala aliyethubutu kuandika ya kulikataza. Mzee Bitulo alimwondolea shemeji yake kutengwa kwa njia ya kiume: alimpelekea mzigo wa kuni, akautua uani, akaondoka.

Mwaka 2009 kambi ilifungwa na watu wakapandishwa malori kurudi kwao, wengine kwa kupenda, wengine wakilia. Venansia alikaa kando ya barabara siku nne na rundo la vipando vya mihogo, akimpa kila mwanamke aliyemfundisha fungu moja. Kaburi la Odeta lilibaki. Generoza alimkabidhi yeye, na kila Jumamosi alipanda Rusenga kwa fimbo yake kulipalilia, akitumia muda mrefu kwenda kuliko kupalilia.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi mwaka 2012, akiwa na miaka sitini na mitatu, kwa ugonjwa wa kifua uliomwanza tangu shimoni. Alikuwa amekwisha kupakwa mafuta matakatifu. Aliuliza leo nani ana muhogo majini. Wakamtajia mwanamke wa nyumba ya pili. "Siku ya ngapi?" akauliza. Wakasema ya pili. "Basi asifanye haraka," alisema, na hakusema tena.

Generoza alivuka mpaka kwa miguu akiwa na kikapu cha udaga, muhogo uliolowekwa na kukaushwa, kichwani, akawapikia waombolezaji wote ugali wa muhogo aliolima mwenyewe kwa vile vipando. Mzee Bitulo, akiwa na miaka sabini na tatu, aliuchukua mkono wa marehemu kabla jeneza halijafunikwa. Baadaye alishuka mtoni peke yake. Waliomwona wanasema alipiga magoti, akatia mikono yote miwili kwenye shimo la mama yake, akatoa majani yaliyokuwa yameliziba.

Yanasimuliwa mengi. Katika ukame wa 2017 Nyamivumba ilikauka hadi mchanga ukaonekana, ila shimo lile halikukosa maji siku hata moja. Wote tunaoishi hapa tuliyachota. Mtoto wa Kigaraga aliyekakamaa miguu kwa kula muhogo usiolowekwa vya kutosha aliogeshwa humo Jumamosi tatu, akasimama. Padre anatukumbusha kwamba ni Kanisa linalotangaza watakatifu, wala si wanawake wa mtoni, na kwamba mambo haya hayajachunguzwa. Tunamsikiliza. Kisha tunashuka.

Mwaka 2015 watu walivuka tena, na kambi ikafunguliwa tena Rusenga. Kuni zimekwisha tena, hata miche iliyopandwa. Ofisi ya kijiji, yenye mwenyekiti mwingine, ilibandika tangazo lenye mhuri kwenye mwembe ulio njia panda, kwamba ni marufuku kwa mkazi yeyote kumruhusu mtu wa kambini kutumia mashimo ya Nyamivumba. Asubuhi iliyofuata wanawake wa Kigaraga walishuka kilima na vikapu vyao, wakiongozwa na yule mkaza mwana wa Bitulo na binti yake aliyezaliwa Rusenga. Walipofika waliingia majini na nguo zao, mmoja mmoja katika shimo lake, wakawaita wageni waliokuwa wamesimama ng'ambo na mihogo ambayo hawakujua waifanyeje.

Anayetaka kumwiga Venansia asianze kwa sala ndefu. Amtazame mgeni aliye karibu naye, ajiulize ni jambo gani analojua yeye toka mgongoni kwa mama ambalo mgeni huyo hajaambiwa, na amwambie leo, kabla ya chakula. Wakimkataza, akae chini. Tangazo la njia panda limefifia kwa jua ingawa halijaondolewa. Mashimo ni ishirini na mawili sasa, na wiki hii yote yana mihogo.